Sisimizi kwenye Kofia ya Babu

Kidude chenyewe kilikuwa kidogo hata ukipumua vibaya huna tena. Kazija alikuwa amekiweka juu ya kipande cha kigae cheupe, upenuni kwa nyumba yao ya Jadida, na kabla ya kukigusa aliifunga pumzi kama mtu anayepiga mbizi. Mkono wa kushoto alishika mwiba wa mlimau. Wa kulia alishika chuma cha kulehemu, nchani amekiviringishia unyuzi wa shaba, maana ncha yake ya asili ilikuwa nene kama kidole cha mtoto na vitu vya kulehemiwa ni punje za ufuta. Akakibana kidude kwa mwiba kisikimbie, akagusa, risasi ya kulehemia ikameta kama jicho la dagaa. Akaondoa chuma. Ndipo akapumua.

"Hujamaliza tu kumchoma huyo chawa?" aliuliza shangazi yake, Bi Time, akipita na sinia la vitunguu.

"Huyu nimemaliza, shangazi. Bado wenzake."

"Wenzio wachoma mishikaki, weye wachoma chawa. Na mdogo wako aolewa Ijumaa! Haya choma, choma. Labda mume wako atatokea humo humo kwenye moshi."

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi uani wakaangua kicheko, na Kazija akacheka nao. Nyumba yenye harusi haikosi utani, na dada mkubwa ambaye hajaolewa ndiye jiwe la kuunolea.

Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa redio. Kazija aliishia darasa la saba, na baada ya hapo mambo yake yote alijifunza kwa kukaa kimya na kutazama: kushona kofia alimtazama mama, kulehemu alimtazama baba. Kofia zilikuwa kazi. Kulehemu kulikuwa raha. Majirani wakimletea simu zilizokufa, naye huzichokoa vidude vyake kimoja kimoja, akaunda kengele ya mlango inayolia kama kifaranga, au taa ya kabatini inayowaka mtu akifungua. Havikuwa na faida kubwa. Lakini alipokuwa amekiinamia kidude kisichoonekana vizuri, dunia yote ilinyamaza, na hilo lilimtosha.

Safari hii haikuwa raha. Safari hii kulikuwa na babu.

Kwa kuwa baba hayupo, walii wa Moza, yule mdogo mtu, alikuwa babu yao mzaa baba, Mzee Nyange. Yeye ndiye wa kuushika mkono wa bwana harusi, atamke kuwa amemuoza, kisha amsikie bwana harusi akikubali. Na hapo penye kusikia ndipo palipokuwa na msiba. Masikio ya Mzee Nyange yalikuwa yamefunga. Kile kifaa cha kusikilizia alichopewa hospitali kilimponyoka akitia udhu, kikazama kisimani, na tangu hapo aliishi kama mtu aliye nyuma ya ukuta.

Mwaka uliopita alikwenda kumuoza mjukuu mwingine huko Makangale. Bwana harusi alijibu, tena kwa ufasaha, na babu akabaki ameung'ang'ania mkono wake, akimtazama usoni, akingoja. Watu wakaanza kukohoa. Mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Nzee, mwachie kijana akale pilau yake!" Baraza zima likacheka. Na babu, asiyejua kinachochekwa, akacheka nao.

Kazija aliliona hilo dirishani. Kicheko cha watu angekisahau. Kicheko cha babu hakikumtoka.

Basi harusi ya Moza ilipokaribia, baba yao mdogo, Matano, alisema waziwazi: "Baba ampe mtu wakala wa kuoza kwa niaba yake. Anipe mimi, au ampe shehe. Sheria yaruhusu, wala si aibu."

"Sheria yaruhusu," babu alisema baada ya kuelezwa kwa ishara na kwa kupigiwa kelele sikioni. "Lakini yule ni ntoto wa mwanangu nliyemzika. Nani amuoze kama si mie?"

Matano alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Siku ile ya Makangale alikuwa amekaa ubavuni kwa baba yake, na uso ulikuwa umemuiva kwa haya.

"Baba mdogo," Kazija aliingilia, "nipe mpaka Ijumaa. Babu akisikia, aoze mwenyewe. Asiposikia, utaoza wewe, na mimi sitasema neno."

Ndiyo maana akawa upenuni anachoma chawa. Alichukua kofia mpya ya babu, aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe. Kofia ya mkono ina vitundu vingi vilivyozungushiwa uzi, na nyuma ya kitundu kimoja cha mbele, Kazija alikusudia kuficha kinasa sauti alichokitoa kwenye simu mbovu, kidogo kuliko punje ya mchele. Kutoka hapo nyaya nyembamba kama nywele zingepita ndani ya mshono mpaka kisogoni, penye kibodi, kibao cha umeme kisichozidi ukucha wa kidole gumba, cha kuikuza sauti na kuipeleka kwenye spika ndogo ya sikioni. Betri ingekaa mfukoni mwa kanzu. Kila kitu kilitaka kuwa kidogo, kwa sababu kofia si kapu.

Kazi ilipofika katikati, dawa ya kulehemia ikaisha. Na kulehemu bila dawa ni kama kukaanga bila mafuta: risasi hujikunja kidonge, inakataa kushika. Kijikopo alikikwangua mpaka bati likalia. Fundi simu wa pale mtaani, ambaye humgawia, alikuwa amesafiri. Kazija akakumbuka kuwa marehemu baba, akiishiwa, alikuwa akidonoa ubani mkavu na kuutumia badala ya dawa. Akaingia chumbani kwa shangazi, akafungua kabati, na pale karibu na chetezo cha kufukizia akakuta bakuli lenye makombo ya rangi ya kahawia yanayonukia ubani. Akadokoa kidogo kwa kucha mbili.

Yakakubali. Moshi wake ulikuwa mtamu, lakini siku hizo nyumba nzima ilinuka harusi, nani angeshtuka? Vidude vikashika kimoja baada ya kingine, na Jumatano jioni Kazija alimvika babu kofia, akamtia kile kidude cha sikioni, akawasha.

Babu alitulia. Macho yakamtembea pole pole, kama mtu aliyeingia chumba alichowahi kukaa zamani.

"Kitu gani hicho kinagonga?"

"Kinu, babu. Wanatwanga bizari."

"Kinu," akarudia babu. "Mie nlidhani wameacha kutwanga siku hizi."

Kazija aligeuza uso, akajifanya anakusanya vyombo vyake.

Lakini Alhamisi iliamka na mvua ya rasharasha, hewa imelowa, nguo kamba nzima hazikauki. Babu alipoivaa tena kofia, aliivua hapo hapo.

"Mna bahari humu," alisema.

Kazija akaweka spika sikioni mwake. Kweli: ngurumo tupu, shwaaa, na juu yake mluzi. Sauti ya mtu ilikuwamo, mbali, kama ya mzamaji. Alifumua mshono, akatazama kibodi kwa kioo cha kukuzia cha baba. Hakuna kilichong'oka. Hakuna risasi iliyomwagikia kiungo cha jirani. Akapitisha chuma tena juu ya kila kiungo, akaongeza na makombo yale ili ishike vizuri zaidi, na bahari ikazidi kuchafuka.

Babu alimtazama mpaka alipochoka kumtazama. Kisha akamshika kichwani, juu ya mtandio.

"Si neno, mjukuu wangu. Umejitahidi. Ntu hashindani na alilopangiwa." Akamwita Matano, akamwambia mbele ya watu: "Kesho utaoza weye. Nshakupa wakala."

Matano alijibu "Hewallah, baba," na hakufurahi kama alivyodhani angefurahi.

Ijumaa asubuhi, baada ya kuswali alfajiri, Kazija alikwenda kuichukua kofia dirishani ili angalau atoe zile nyaya, babu aivae kama kofia tu. Akasimama.

Sisimizi. Mstari mwembamba uliotoka ufani mwa ukuta, ukapanda kizingiti cha dirisha, ukaingia kofiani kwa adabu, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu waendao kwenye karamu waliyoalikwa. Kazija hakuwapukuta. Aliinama akawatazama. Hawakwenda kwenye kitambaa, wala kwenye uzi. Wote walikwenda kwenye kibodi, na pale kwenye kibodi walizunguka viungo alivyolehemu.

Akakwangua kiungo kimoja kwa mwiba, akautia ulimini. Utamu. Utamu wa sukari iliyoungua chunguni.

"Shangazi!" alipiga kelele, akakimbilia jikoni. "Lile bakuli la kabatini, karibu na chetezo, si la ubani?"

Bi Time alikuwa na mwiko mkononi. "Ubani gani, mwana we? Ule ni udi wa bi harusi! Nmeupika mwenyewe, kwa sukari na uturi na... Haa! Nani kaufunua?"

"Mimi, shangazi. Nimelehemia."

"Umelehemia udi wa bi harusi?" Bi Time aliwageukia wenziwe. "Jamani njooni mtazame! Wengine wafukiza nguo, huyu afukiza simu!"

Walicheka mpaka mmoja akashika ubavu, na Kazija, kwa mara ya kwanza tangu jana, alihisi kifua kikilegea. Kwa sababu sasa alijua. Sukari ikiungua hugeuka makaa, na makaa hupitisha umeme kidogo kidogo mahali usipotaka upite. Na ile isiyoungua sana hunyonya unyevu, ndiyo maana siku ya mvua bahari ilijaa. Si mkono wake uliokosea, wala si Mungu aliyekataa. Ni sukari. Na sukari huoshwa.

Lakini akishaosha, atalehemia nini? Ubani wote wa shangazi ulikuwa umeingia kwenye udi. Hapo akamkumbuka Mzee Mjaka, mpiga fidla wa nyumba ya pili, aliyealikwa kuja kuwapigia jioni. Baba alikuwa akisema: ulimbo mkavu ambao mpiga fidla hupakia upinde wake na dawa ya kulehemia ni ndugu wa tumbo moja.

Alimkuta barazani akikaza nyuzi.

"Shikamoo, Mzee Mjaka."

"Marahaba, binti fundi. Mbona unahema? Bwana harusi kakimbia?"

"Bado. Naomba kipande cha ulimbo wa fidla yako. Cha kulehemia."

Mzee Mjaka hakuuliza mara mbili. Alifungua sanduku la fidla, akatoa bonge la rangi ya asali, akalibandua pembeni kwa kisu. "Baba yako naye akija hapa hivi hivi, anahema. Fidla bila huu haiimbi, na redio bila huu haisemi. Ni kwa ajili ya masikio ya nzee?"

"Naam."

"Basi mwambie leo nampigia zile za ujana wetu, asije akajifanya kiziwi."

Kazija alirudi mbio, akaketi upenuni kwenye mwanga. Aliosha kibodi kwa maji ya moto na mswaki, akakwangua masizi kati ya viungo kwa mwiba, akapangusa kwa spiriti, akakianika juani, maana jua nalo lilikuwa limejitokeza kama limeitwa. Kisha akaanza upya. Alitoa kila kidude, akasafisha chini yake, akakirudisha. Ulimbo uliyeyuka kwa moshi mweupe wenye harufu ya msitu, na risasi ikatandaa yenyewe, laini, bila kubembelezwa.

Kimoja kikaruka. Kilikuwa chini ya mwiba, kisha hakikuwapo. Kazija aliganda. Hakuinua mguu, hakukunja nguo. Alitazama kigae, akatazama mkeka, akatazama mapaja yake pindo kwa pindo. Wanaume walikuwa wameshaanza kurudi kutoka Swala ya Ijumaa, sauti zao zikasikika njiani. Alipogeuza mkono kujifuta jasho, akakiona: kimenata kwenye ukucha wake mwenyewe, juu ya hina, kama kimevishwa pete.

"Wewe nawe," alikinong'oneza, "leo ndiyo wataka kupambwa?"

Alipomaliza mshono wa mwisho, babu alikuwa ameketi kitandani chumbani kwake, mlango wazi kuelekea uani, na kanzu yake nyeupe, kofia kuukuu kichwani, mikono magotini. Alitazama kofia mpya, akatikisa kichwa.

"Nshampa Matano."

Kazija akaonyesha kwa mikono: vaa, ukisikia bahari, vua. Babu akashusha pumzi, akainama ili avishwe, zaidi kwa kumridhisha kuliko kwa kutumaini. Kazija aliwasha. Kisha akaenda mpaka mwisho wa ua, penye kisima, akampa mgongo ili asisomwe midomo. Akafungua kinywa aseme, lakini babu alimtangulia.

"Nani analia?"

Kazija akageuka.

"Chumba hicho cha pili," babu alisema, akionyesha ukuta. "Kuna ntu analia pole pole."

Kazija mwenyewe hakuwa amesikia. Alisogea, akategea sikio mlangoni. Alikuwa Moza, kwenye mapambo yake, akilia ndani ya leso ili shangazi asimkemee kwa wanja.

"Walia nini?" Babu aliuliza akiwa pale kitandani.

Kisha sauti ndogo ya Moza: "Nataka unioze wewe, babu."

Mzee Nyange alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa tayari amesimama, akitafuta bakora yake. "Nyamaza, mwanangu, utaharibu wanja. Kazija! Niitie Matano. Mwambie nataka wakala wangu."

Matano alikuja, akasimama nyuma ya pazia la mlango, asionekane, akamnong'oneza Kazija: "Kama kweli mzee anasikia, mimi leo ntakula..."

"Utakula nini?" babu aliuliza kutoka ndani.

Matano akalifunua pazia, akaenda akaubusu mkono wa baba yake, na hakuulizwa tena angekula nini.

Alasiri sebule ikajaa wanaume. Wanawake walibanana ukumbini nyuma ya pazia, na Kazija akajipenyeza penye upenyo, jicho moja likiwa kwenye kofia. Aliona kitundu cha mbele, kile kile. Aliona babu akiketi, na bwana harusi, Hija, akiketi mbele yake, goti kwa goti. Hija alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya chini, na watu walikuwa wameshamwonya kuhusu masikio ya mzee.

Babu akaushika mkono wake. Sebule ikanyamaza, ule unyamavu wa watu wanaokumbuka Makangale.

"Nimekuoza mjukuu wangu Moza," alisema Mzee Nyange, sauti imenyooka, "kwa mahari tuliyokubaliana."

Hija alivuta pumzi mpaka kifua kikajaa, akafumba macho, akapiga ukelele kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto:

"NIMEKUBALI KUMUOA MOZA KWA MAHARI HAYO!"

Babu alishtuka, mkono ukaruka kwenye kofia. Kwa kitambo watu wote walikodoa macho. Matano akanyanyuka nusu.

"Taratibu, mwanangu," alisema Mzee Nyange. "Mie nimekubali kukupa mke. Sikukubali kupasuliwa sikio."

Kilianza kicheko kimoja pembeni, kisha sebule yote ikaripuka, wazee wakapigana viganja, Hija mwenyewe akaficha uso kwa haya. Lakini aliyecheka kabla ya wote, na kwa sauti kuliko wote, alikuwa Mzee Nyange, maana safari hii alijua wanacheka nini. Yeye ndiye aliyewachekesha.

Ukumbini vigelegele vikapasuka. Kazija aligundua kwamba kumbe tangu babu aanze kusema alikuwa amefunga pumzi. Akaiachia, akatafuta pa kukaa, akapata kinu kilichopinduliwa.

Bi Time alimletea sahani ya pilau, akamwekea mapajani. "Kula, chawa wako wamepona. Na udi wangu ulouiba, wiki ijayo utakaa nami jikoni uupike mwengine, upate kujua sukari iko wapi."

"Ntaupika, shangazi."

Jioni Mzee Mjaka alipiga fidla yake, na babu alikaa mbele kabisa, akizipigia nyimbo za ujana kwa kidole gotini. Alikataa katakata kuivua kofia, hata walipomwambia apumzishe kichwa. Bi Time akamsogelea mwanamke aliyekaa karibu naye, akamwambia kwa siri kuwa mzee sasa ataringa mwezi mzima.

"Miezi miwili," alisema babu bila kugeuka.